Emilian na Skrini ya Inchi Mia na Hamsini

Ndugu zangu wa Ikungi, na ninyi wa Ihanja mnaopita kwangu kila siku ya gulio, haya ninayowaambia sikusimuliwa na mtu. Nimeyaona kwa macho yangu, na mengine karibu niyafanye kwa mikono yangu. Mimi ni Mathayo, fundi uashi. Nyumba ninayoizungumzia niliipiga lipu mwenyewe miaka minne iliyopita. Mwenye nyumba ameniruhusu niseme, tena kasema nisimfiche jina.

Nyumba ya Emilian ilikuwa nyumba ya raha. Alizeti ilikuwa imekubali mwaka ule. Mkewe Kristina alikuwa na kuku wake waliotaga mpaka wakatushangaza majirani. Mama yake Emilian, Bibi Severina, alikuwa na chumba chake katikati ya nyumba, mahali ambapo upepo haufiki, na ninyi mnaujua upepo wetu wa mwezi wa saba. Asubuhi alikaa mlangoni akichambua choroko kwa vidole, maana macho yalikuwa yamepungua nguvu. Watu aliwatambua kwa sauti. Nikimwambia, "Shikamoo, Bibi," ananijibu, "Marahaba, Mathayo. Bado tu unakohoa?"

Emilian mwenyewe mnamfahamu kwa kazi moja zaidi ya kilimo. Ndiye anayetupimia mashamba. Hatua sabini kwa sabini, ekari moja, mambo yamekwisha. Watu wakigombania mpaka wa shamba, anaitwa yeye, anapita na ile miguu yake mirefu, na akishapita hakuna anayenyanyua mdomo. Hata shamba langu kalipima yeye, na sina malalamiko. Lakini sifa zikizidi humvimbisha mtu kichwa. Emilian alianza kusema, "Mguu wangu haujawahi kukosea," na alisema hivyo hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Basi akataka chumba cha sinema nyumbani kwake. Alikuwa na chumba cha mbele kilichokuwa stoo ya magunia, akayatoa magunia, akakisafisha. Sikumcheka. Mwanaume anayetaka kukaa na familia yake jioni, badala ya kushinda vilabuni, mimi namsifu. Tatizo lilianza aliposikia kwamba pale Mkiwa kuna mtu ana skrini ya inchi mia na ishirini. Tangu siku hiyo chumba kile kikawa cha kumshinda mtu wa Mkiwa.

Akampigia simu Janeth, dada anayeuza vyombo hivyo Singida mjini. Nilikuwa uani narekebisha jiko la Kristina, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya wote kusikia.

"Shikamoo, baba," alisema Janeth. "Kabla sijakushauri, chumba kina ukubwa gani?"

"Hatua nne kwa sita."

"Hatua za nani, baba?"

"Zangu."

Janeth akasema, "Naomba upime kwa tepu, halafu unipigie tena. Skrini inafuata upana wa ukuta na mahali watu wanapokaa. Na projekta inafuata umbali kutoka pale itakapofungwa mpaka kwenye skrini. Chumba kikiwa kifupi, picha haiwezi kuwa kubwa, hata ukikasirika. Tena niambie na dirisha liko wapi, maana mwanga wa nje unafifisha picha."

"Binti, mimi napima ekari za watu. Nitashindwa na chumba? Niletee inchi mia na hamsini."

"Hiyo upana wake unapita mita tatu, baba. Ni mita tatu na sentimita thelathini na kitu."

"Itaingia, na nafasi itabaki."

Kristina alikuwa anaosha sufuria. Akasema kwa upole, "Baba Theresia, si tuazime tepu ya Mathayo? Yupo hapa hapa." Emilian akamtazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Tepu ilikuwa mfukoni mwangu, na mimi nikajifanya kama sikusikia. Hilo nalo mnihesabie.

Skrini ikaja juu ya lori la mashudu, ndani ya boksi refu kama boriti. Watu wakajaa. Wanaume wanne wakaibeba, ikaingia mlangoni kwa urefu wake vizuri kabisa. Walipotaka kuigeuza ilale sambamba na ukuta wa mbele, ikakataa. Wakaiinamisha, ikakataa. Wakajaribu kuanzia upande wa dirisha, ikakwangua lipu yangu na bado ikakataa. Kristina aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa anacheka au analia.

Kosa lilikuwa hili, na ni kosa la mpima mashamba peke yake. Emilian alihesabu hatua zake nje, kandokando ya nyumba, vile anavyozunguka shamba. Shamba halina ukuta. Nyumba inao, na ile ni ya zamani, ya matofali makubwa, ukuta mmoja unakula zaidi ya futi nzima. Kuta mbili zilikuwa zimekula skrini ya bwana mkubwa.

Angeweza kusema, "Jamani, nimekosea," tukanywa chai, yakaisha. Lakini watu walikuwa wengi, na wengine mipaka yao aliipima yeye. Akasema, "Mguu haujakosea. Ukuta ndio uko mahali pabaya." Kisha akanigeukia. "Mathayo, kesho asubuhi njoo na nyundo. Tunausogeza huu."

Ukuta huo ulikuwa wa chumba cha Bibi Severina. Ukiusogeza, kitanda chake hakikai tena.

"Na Bibi?" nikauliza.

"Mama atahamia chumba cha nje kwa muda. Nitamjengea kingine."

Chumba cha nje ni kile kinachopigwa na upepo tangu jua linapotoka. Nilijua. Nilijua pia kwamba "nitajenga" ya Emilian huwa ndefu. Lakini nilikuwa nimekaa wiki tatu bila kazi, nikasema sawa. Naona aibu kulisema, ila hadithi ya mafunzo inayomficha msimuliaji ni ya uongo.

Asubuhi nikafika na nyundo na tindo. Nikaingia chumbani kwa Bibi kumsaidia kutoa vitu, nikakuta amekwisha kutoa. Godoro limekunjwa. Nguo zake amezifunga kwenye kitenge, na juu ya kitenge amezungusha kamba ya katani ya zamani.

"Ingia, Mathayo. Bomoa tu, mwanangu. Mimi naenda Ihanja."

Ihanja ni kwenye nyumba yao ya zamani. Haijakaliwa na mtu tangu alipofariki mumewe, Mzee Leonidas. Nikashindwa hata kuinua nyundo. Moyo uliniuma kweli kweli.

Emilian akaingia nyuma yangu. Akaona furushi. "Mama, unakwenda wapi?"

"Ihanja."

"Ihanja kuna nani?"

"Hakuna mtu. Lakini kuna ukuta ambao hautakiwi na mtu mwingine."

Hakusema kwa hasira. Angegomba, Emilian angebisha, maana kubisha anakuweza. Alisema kawaida tu, huku akipapasa kamba ile kutafuta ncha yake. Hapo Emilian akaitazama kamba, na mimi nikaiona vizuri. Ilikuwa na mafundo, fundo baada ya fundo, yaliyoachana hatua moja moja.

"Hii si kamba ya baba?"

"Ni yake. Ulifikiri baba yako alipima kwa miguu peke yake? Alipita kwa hatua watu wakimtazama. Watu wakiondoka, alirudi na mimi tukashika kamba, yeye ncha hii, mimi ile. Alisema mguu una siku zake, siku moja unachoka, siku nyingine unaringa. Na alipokuta amekosea, alirudi kwa mwenye shamba akamwambia. Ndiyo maana walimwamini."

Emilian akapiga magoti, akaifungua kamba kwenye furushi, taratibu, akampa mama yake ncha moja. Wakaenda chumba cha mbele. Bibi akashika ukutani upande huu, yeye akaenda upande ule akihesabu mafundo. Yalikuwa matatu na kipande.

"Matatu," akasema.

"Nami nimesikia matatu," akasema mama yake.

Emilian akaanza kucheka. Alicheka peke yake kwanza, akijishika kiuno, kisha Kristina akatokea mlangoni na safari hii hakugeukia ukutani. "Mathayo," Kristina akaniambia, "weka nyundo yako, utoe hiyo tepu uliyoificha tangu juzi."

Tukapima ndani. Tukapima kutoka boriti ya nyuma, pale projekta itakapofungwa, mpaka ukuta wa mbele. Tukapima kutoka kwenye viti. Emilian akampigia Janeth, akamwambia wazi kwamba alikosea. Janeth akakubali kubadilisha, kwa kuwa skrini ilikuwa bado kwenye nailoni yake. Akashauri inchi mia moja, upana mita mbili na kitu, projekta yenye mwanga wa kutosha, na pazia zito dirishani. Akauliza pia nani katika nyumba ana macho dhaifu, akasema kiti chake kiwe cha mbele, katikati.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, tukaalikwa. Pazia likafungwa mchana kweupe. Watu walitegemea mpira. Emilian akaweka video ya harusi yake, ambayo miaka yote ilikuwa ikichezwa kwenye televisheni ndogo, na Bibi alikuwa anaambulia nyimbo tu.

Ukutani akatokea mzee mrefu mwenye koti, anacheza.

"Yule si Leonidas?" Bibi akauliza.

"Ndiye, mama."

Bibi akainuka, akaisogelea skrini mpaka karibu kabisa. "Nilimwambia siku ile ile," akasema. "Kifungo cha pili amekifunga kwenye tundu la tatu." Akanyoosha mkono kama anayetaka kukirekebisha. Kivuli chake kilifunika nusu ya picha, na hakuna mtu aliyemwambia akae.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kupenda kitu kizuri si kosa. Nunueni projekta, nunueni skrini, furahini na watu wenu. Lakini kiburi hakipimi, kinakisia, na kikikosea kinatafuta ukuta wa mtu mnyonge wa kuubomoa. Kukubali kosa mapema hakumpunguzii mtu heshima. Tangu siku ile Emilian anapima mashamba yetu kwa hatua kisha kwa kamba ya baba yake, mbele ya watu wote, na tunamwamini kuliko zamani. Nasi mafundi tuache kuficha tepu mfukoni tukiona mtu anapotea.

Na kama nyumbani kwako kuna mzee, ukitaka kupima chochote, anza kupimia pale anapokaa yeye.