Neno Kwenye Kitambaa Cheupe

"Hodi! Hapa mnashona maneno?"

Mimi na shangazi tuliinua vichwa. Mlangoni alisimama kijana tusiyemjua, amelowa mvua, kitambaa cheupe amekikumbatia kama kifaranga.

"Tunadarizi," nilimjibu. "Neno gani?"

"Winsome."

"Mimi sidarizi neno nisilolielewa. Mkono unakataa."

Akacheka. "Ni Kiingereza cha zamani. Ni mtu anayevuta mioyo bila kujitahidi."

"Kama mshahara?" shangazi alidakia.

"Mshahara unavutia, shangazi, ila haucheki. Huyu akicheka, na wewe unajikuta unatabasamu."

"Yaani mrembo?" niliuliza.

"Mrembo anaweza kununa akabaki mrembo. Huyu ni utamu wa roho."

Nilihisi kiti kinaelea. "Unampelekea nani?"

"Mwanamke ninayempenda kuliko wote."

Kiti kikatua chini, puu!

Hata hivyo nililidarizi kwa uzi wa bluu, kila herufi nikiimezea mate. Kesho yake akaja na mwanamke huyo: bibi yake, amejikunja kwa uzee, anacheka na kila kitu.

"Mume wangu aliniita hivi mpaka anafumba macho," bibi alisema, akipapasa uzi. Kisha akanitazama. "Mjukuu wangu, huyu fundi mbona analia?"

"Vumbi, bibi," nilisema.

"Vumbi na mvua hii!" shangazi aliguna.

Kijana aliniaga taratibu. "Kesho nasafiri, nimepata kazi mbali. Ukiweza kulitungia sentensi neno lile, nitumie kwa namba hii. Popote nitakapokuwa, nitakuja mwenyewe kuisahihisha."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Asubuhi nikaandika: "Kuna mteja mmoja winsome. Ameondoka, na tangu hapo cherehani yangu haitaki kushona."

Akajibu: "Basi limeshatoka mjini."

Nililaza simu kifudifudi. Mchana kutwa nilishona mistari iliyopinda, shangazi akiifumua bila kunisema.

"Hodi!"

Alikuwa yeye, begi begani, viatu vimejaa matope.

"Na kazi?" niliuliza.

"Nimewapigia. Wamesema watampa mwingine."

"Kwa sababu ya sentensi moja?"

"Niliahidi. Nitatafuta kazi nyingine." Alivuta kigoda, akafungua simu yake, akausoma ujumbe wangu polepole kama mwalimu.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Ila sijaisikia kwa sauti yako."

Shangazi akazima cherehani yake.

Nikaisoma.