Kisima Kikavu cha Fundi Waya

Mama yake Fundi Waya ndiye aliyesikia kwanza. Adhuhuri moja fundi aliingia kutoka uani akijifuta mikono, akamkuta bibi kizee ameketi kitandani, kainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza tumbo lake mwenyewe.

"Mwanangu, umedondosha nini?"

"Sijadondosha kitu, mama."

"Kimeangukia humu." Akajigusa chini ya kifua. "Kimesema ti!"

Fundi akacheka. Uzee huo, akajisemea.

Lakini kweli alikuwa amedondosha kitu, ila si chumbani. Alikuwa fundi wa runinga na redio, na mtaa mzima ulimwamini. Vyombo vilivyoshindikana watu walimwachia: runinga za zamani zenye mgongo, simu zilizovimba betri, pasi zilizoungua. Naye aliwaahidi kuvipeleka kituo cha ng'ambo ya mji, ambako wafanyakazi huvaa glavu na kutenga chenye sumu na kisicho na sumu. Watu wakamshukuru na kumwombea heri. Yeye alinyofoa shaba, na makapi yote akayatumbukiza kwenye kisima kikavu nyuma ya nyumba. Kituo ni mbali, alijiambia, na kisima hakina mwenyewe.

Kilikuwa naye.

Wiki hiyo pumzi ya mama ikaanza kunuka waya ulioungua. Kisha siku moja mke wa fundi akatoka chumbani kwa mkwewe, nguo zimelowa maji ya kuogeshea, akamvuta mumewe pembeni.

"Mama hageuziki," alinong'ona. "Juzi namgeuza kwa mkono mmoja. Leo nimesukuma mpaka mgongo umelia."

"Amevimba?"

"Amekonda! Ndiyo maana naogopa." Akamtazama usoni. "Kila ukitoka kule kisimani, yeye analia. Kuna runinga pale mlangoni. Nenda kaitupe, tuone. Mimi nitakaa naye."

Fundi alitaka kukataa, ila kukataa kungekuwa kukiri. Akaibeba runinga mchana kweupe, kuku wakichakura miguuni pake, akaiegemeza kwenye ukingo, akaiachia, akatega sikio asikie ikigonga chini kama zilivyogonga nyingine zote, akangoja, akainama, akangoja tena, na kisimani hakukuwa na kishindo wala mwangwi, kimya tu kama kimya cha mtu aliyeziba mdomo, mpaka nyuma yake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, miguu ya kitanda ikavunjika yote minne kwa pamoja na mkewe akapiga ukelele.

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alifukiza ubani, akaweka kiganja kwenye tumbo la mgonjwa, akakiondoa upesi.

"Nani humu?"

Midomo ya bibi kizee haikutikisika. Sauti ilitoka chini zaidi, nzito, ya kike.

"Jirani. Nilikuwa na nyumba kisimani, na watoto watatu. Huyu akanimwagia uozo wake. Maji ya betri yaliwachuruzikia wakiwa wamelala. Mdogo alichukua siku nne kufa, akiniita. Nyumba ikajaa, nikaanza kumrudishia taka zake humu, tumboni mwa mama yake."

"Unataka nini?" mganga akauliza.

"Atoe. Kwa mikono yake. Avipeleke alikoahidi."

Fundi akajifunga kamba akashuka. Siku sita alitoa mizigo, ngozi ya vidole ikimbabuka, machozi yakimtoka kwa harufu. Kila gunia lililofika kituoni, mama alipungua uzito. Siku ya tatu akageuka mwenyewe, siku ya tano akaomba chai. Mkewe akaanza kuimba jikoni. Siku ya sita fundi alikwangua tope la mwisho mpaka likabaki jiwe tupu, akapanda, akamwambia mganga kwa sauti iliyokauka:

"Nimemaliza. Hakuna hata msumari."

Mganga akapiga magoti mbele ya mama. "Bibi, umesikia. Nyumba yako umerudishiwa. Sasa toka, urudi kwako."

"Kwangu wapi?" sauti ikauliza, bila hasira. "Taka zimetoka, sumu imebaki. Kuta zile hazioshwi. Hata mjusi haishi mle."

"Tafuta kwingine."

"Nimeshapata. Humu mmenisafishia vizuri."

Mganga akasoma, akafukiza, akasoma tena hadi sauti ikamkauka. Kisha akakusanya vitu vyake. Fundi akamshika upindo wa nguo mlangoni.

"Usituache! Na mama yangu je? Yuko wapi mama yangu?"

"Yumo," alisema mganga bila kugeuka. "Amesukumwa pembeni. Anasikia kila kitu."

Akaenda zake.

Bibi kizee akainuka kitandani peke yake, wima, kama msichana. Akajinyoosha mikono, akaikagua huku na huku kama mtu anayejaribu nguo mpya. Macho yalikuwa yale yale ya mama, na yalikuwa yanatoka machozi, lakini mdomo ulikuwa unatabasamu.

"Wangu uliniulia watatu," ukasema. "Huyu mama yako ana mmoja tu. Nitaridhika naye."

Mkewe alishakimbia. Fundi alisikia lango likijibamiza. Naye alitaka kukimbia, ila macho ya mama yalikuwa yanamtazama.

Mikono ile iliyomlea ikafunguka.

"Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama."