Ghala la Kumi na Mbili

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, si mtu niliyesikia habari zake vijiweni. Wakati huo nilikuwa nakaa kwake, kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho yangu. Yeye mwenyewe hapendi niyaseme. Nikianza tu, hunyanyuka akatoka chumbani.

Dada ni fundi wa kompyuta. Alikuwa akifanya kazi katika hospitali kubwa yenye matawi kadhaa, na pale kazini wote walimwita Fundi. Jumatatu ile alitoka nyumbani mzima wa afya, amelalamikia chai kwamba nimeimwagia sukari kama nafanya mzaha, akaniachia vyombo vya jana nivioshe. Alipofika tu kazini, bosi wake akaja kusimama mezani kwake.

"Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Nataka orodha ya maghala yetu yote ya kumbukumbu. Jina, liko wapi, liliundwa lini, linatunza kumbukumbu siku ngapi."

Nieleze kidogo. Kila kompyuta ya hospitali huandika yanayoipata: nani ameingia, nani ametoka, kitu gani kimegoma. Maandishi hayo hutumwa kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, wenyewe wanaziita wingu, na huko hukaa kwenye maghala. Kila ghala lina siku zake. Zikiisha, kilichoandikwa kinafutika. Kupitia ghala moja moja kwa mkono ni kazi ya kutwa nzima. Dada akaandika skripti, programu fupi inayokwenda yenyewe, inauliza kila mahali, inarudi na majibu.

Maghala yalitakiwa kuwa kumi na moja. Skripti ikarudi na kumi na mbili.

Hilo la mwisho halikuwa na mahali. Jina lake lilikuwa nukta moja tu. Siku za kutunza: nne. Na tarehe ya kuundwa ilikuwa siku, mwezi na mwaka aliozaliwa Dada. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Saa hiyo, ukimtoa Dada mwenyewe, anaijua mama yetu peke yake.

Dada akamgeukia jamaa wa meza ya pili. Huyu walizoea kumwita Mtani, maana hakuna aliyepona ulimi wake, hata bosi.

"Mtani, huu mchezo ni wako?"

"Mimi? Mimi nenosiri langu mwenyewe nalisahau kila wiki, leo nikuundie ghala?" Akasogeza kiti, akatazama. "Fungua kwa mkono tulione."

Wakaingia kwa mkono, wakahesabu. Kumi na moja. Wakarudia skripti. Kumi na mbili. Ukilitafuta kwa macho halipo. Ukiituma mashine, inalikuta.

Jumanne Dada akaiendesha tena. Siku za kutunza: tatu. Hakuna aliyezigusa. Safari hii akaiambia skripti isilete jina tu, ilete na kilichomo. Yakaja maandishi mafupi, kila mstari na saa yake.

*1 ameingia. 1 ameweka mkoba. 1 amekaa.*

Ni yeye. Saa zilikuwa zilezile za asubuhi ile. Akateremka hadi mstari wa chini kabisa.

*2 yuko mlangoni.*

Akainua macho. Mlango ulikuwa wazi. Korido ilikuwa na mwanga wa jua na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Hakukuwa na mtu.

Hakuniambia lolote jioni ile. Niliona tu amehamisha kitanda, akakisukuma mpaka ukutani, na mezani alikaa bila kuegemea kiti.

Jumatano ndipo aliponieleza. Tulikuwa mezani, yeye upande huu na mimi upande ule, jua halijazama vizuri. Nikamcheka. Nikamwambia kazi zimemzidi, aombe likizo. Akafungua kompyuta yake, akaiendesha skripti, akanigeuzia kioo.

*Siku za kutunza: mbili.*

*1 amekaa. 3 amekaa.*

"Huyo wa tatu ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe."

Mstari mwingine ukajiandika mbele yangu.

*2 amesimama nyuma ya 3.*

Sikusikia kitu. Nisidanganye, sikusikia pumzi wala hatua. Ila nywele za kisogoni zilisimama, na ubaridi ukaniteremka mgongoni taratibu.

*3 anataka kugeuka.*

"Usigeuke," Dada akanong'ona. "Nakuomba, mdogo wangu. Usigeuke."

Sikugeuka. Tulikaa vile mpaka chakula kikapoa. Kisha ukaja mstari mmoja: *2 amerudi kwa 1.* Mabega ya Dada yakashuka, kama mtu aliyetwishwa mzigo.

Alhamisi alifika kazini macho mekundu. Siku za kutunza: moja. Akamweleza Mtani yote, naye akasogeza kiti chake karibu.

"Umejaribu kulifuta?"

"Mara kumi. Linaniambia sina ruhusa."

Mtani akavuta kibodi kwake. "Basi tusilifute. Tuliongezee siku. Kila ghala linakubali kuongezwa siku." Akaingia kwa akaunti yake mwenyewe, akaandika mstari mmoja: ghala lenye jina la nukta, siku mia saba na thelathini.

"Mtani, acha. Hili halikuhusu."

"Nikuache ukae hapo unahesabu? Hebu nipishe."

Akabonyeza. Jibu likaja papo hapo: *Imekubaliwa. Aliyebadilisha:* na jina lake kamili.

Wakasoma kilichomo.

*2 amemwacha 1.*

Dada aliniambia alihisi shingo yake ikilegea, kana kwamba mkono ulioishika umeondoka. Akalia pale pale. Mtani akacheka, kicheko chake kile cha kusikika hadi mapokezi.

*4 amecheka.*

Kicheko kikakatika katikati.

*2 amesimama nyuma ya 4.*

Mtani akaiendesha skripti upya. La kumi na mbili lilikuwepo. Tarehe ya kuundwa ilikuwa imebadilika. Siku za kutunza hazikuwa mia saba na thelathini. Zilikuwa sifuri.

"Tarehe ya nini hiyo?" Dada akauliza.

Mtani akajifuta viganja kwenye suruali. "Sijui. Mashine tu, zina wazimu wake." Akasimama. "Usinitazame hivyo, Fundi. Ngoja nikanawe uso, nikirudi tummalizie bosi orodha yake."

Ilikuwa saa tisa mchana. Hospitali ilikuwa imejaa watu.

Muuguzi mmoja ndiye aliyemkuta, kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Alikuwa amekaa, ameshika reli, macho wazi, uso haujanawa. Madaktari walikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, na hawakuweza kitu. Walisema ni moyo. Hakuwahi kuugua moyo.

Ijumaa wakaguzi walikuja. Bosi mwenyewe aliiendesha skripti mbele yao. Ilirudi na kumi na moja.

Tulikwenda kuzika, mimi na Dada. Waliposoma maisha ya marehemu, walipofika siku aliyozaliwa, Dada alinishika mkono mpaka kucha zikanichana ngozi. Sikuhitaji kumuuliza. Alikuwa ameisoma tarehe ile Alhamisi, na Mtani alikuwa ameijua tangu alipoiona.

Dada aliacha kazi mwezi uleule. Hajaandika skripti nyingine. Kosa analolirudia kichwani ni moja tu: kwamba hakumnyang'anya kibodi.

Wiki sita baada ya mazishi, mama yake Mtani akanipigia simu. Akaomba nifike peke yangu, nisije na dada yangu. Nikamkuta sebuleni, daftari la rambirambi liko mapajani. Siku ya msiba lilikuwa mezani karibu na mlango, kila mgeni aandike jina.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "siku ile mlikuja wangapi?"

"Wawili, mama."

"Mimi niliwakaribisha watatu."

Akalifungua. Palikuwa na jina la Dada, chini yake langu. Chini ya langu palikuwa na mwandiko mmoja mrefu, umelala upande, herufi nisizozijua. Nikapitisha kidole juu ya jina langu. Wino mkavu. Nikapitisha juu ya ule mwandiko.

Kidole kikatoka cheusi. Wino ulikuwa bado mbichi.