Ubeti Uliokatwa

Wimbo ulikuwa umekwisha, lakini mshale wa kipimo cha sauti ulikuwa bado unacheza.

Fundi mitambo aliukodolea macho. Sauti alikuwa ameishusha mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, polepole mpaka chini kabisa, kama alivyoagizwa. Kwenye spika hapakuwa na kitu. Nyuma ya kioo, katika chumba cha kurekodia, taa ilikuwa imezimwa na hapakuwa na mtu. Hata hivyo mshale ule mwembamba uliinuka, ukalala, ukainuka tena, kwa mwendo wa kifua cha mtu anayepumua.

Alivaa hedifoni, akapandisha sauti. Akasikia pumzi. Kisha ikamjia harufu, na harufu haipiti kwenye hedifoni: harufu ya mapazia mazito yaliyofungiwa miaka mingi, na vumbi lililoungua juu ya taa kali.

"Nani amebaki mle ndani?" aliuliza.

"Njaa yako," alijibu Miwani. "Nenda ukale, halafu uje unipe wimbo wangu."

Huyu Miwani ndiye mwenye studio. Mbele yake watu walimwita Bosi. Kwenye mabango alijiandika Mfalme wa Midundo. Akigeuza mgongo alikuwa Miwani, kwa sababu alivaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha, akajikwaa kwenye nyaya zile zile kila siku ya Mungu, na hakujifunza chochote. Ala hakujua kupiga hata moja. Kuimba hakujua. Alijua kukata.

Na wimbo huu aliukata haswa. Haukuzaliwa studio, ulitoka kwenye mchezo wa jukwaani, mchezo wa nyimbo tupu, uliochezwa miaka kumi na moja katika ukumbi wa viti vya mbao. Katika sehemu ya tatu mjane anamwita jini amwimbie kwa sauti ya marehemu mumewe. Katika kila kiitikio anamwita "mgeni". Jini anakuja, wanaimba wawili, ukumbi mzima kimya. Kisha waigizaji wote wanatoka, pamoja na mkata tiketi, wanajipanga mstari mmoja na kuimba ubeti wa kufunga: wanamtaja mjane kwa jina lake na la baba yake, wanamwambia mgeni kwamba muda wake umekwisha, na neno la mwisho linaangukia kwenye kishindo cha miguu yote kwa pamoja. Kundi lile halikukubali kuuanza wimbo bila kuufunga, hata mazoezini. Mshona mavazi akiuimba huku anapiga pasi, wenzake waliacha kazi zao wakaumaliza naye.

Miwani aliposimuliwa hayo alicheka mpaka akakohoa. Redio, alisema, haina muda wa kungoja watu wapige miguu kama ng'ombe zizini. Ubeti wa kufunga ukatupwa. Mahali pake wimbo ukaagizwa ufifie tu, kwa mtindo wa kisasa. Na lile neno "mgeni" akaliondoa, akaweka "mpenzi".

"Nani atacheza muziki wa mgeni?" alisema. "Wageni tunao majumbani, wanamaliza sukari."

Mwimbaji alikubali. Alikuwa dada mdogo wa Fundi, ambaye kaka huyo alimlea tangu mama yao alipofariki, binti huyo akiwa na miaka tisa. Watu walimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza, hata akiwa na chakula mdomoni. Ndiye aliyecheza mjane katika miaka ya mwisho ya mchezo, na desturi ya kundi aliijua kuliko yeyote.

"Kaka, niache na mimi nisikike," alimwambia. "Nimeimbia viti vya mbao vya kutosha."

Fundi akaushusha wimbo kwa kidole chake.

Haukupita mwezi, wimbo ukawa kila mahali. Uliimbwa saluni na kwenye foleni ya hospitali. Ulilia kwenye simu za watu wasiopokea simu. Maharusi waliingia ukumbini nao, bwana kavaa suti ya kuazima, bibi kajipaka uso wa mtu mwingine, wakipunga mikono kwa wimbo wa kumwita jini. Wataalamu wa redioni, ambao kazi yao ni kusifia kilichokwisha kusifiwa, walisema una "hisia". Hakuna aliyeuliza kwa nini hauna mwisho.

Fundi ndiye aliyegundua wa kwanza, kwa kuwa masikio ndiyo riziki yake. Asubuhi moja walikuwa mezani. Chiriku aliweka kikombe juu ya meza, na kikombe hakikulia. Akakoroga sukari, kijiko kikazunguka, kikagonga ukingo, kimya. Akaburuta kiti juu ya saruji, kiti ambacho kwa kawaida kilipiga kelele za kuwaamsha majirani, na Fundi hakusikia kitu ila saa ya ukutani.

"Gonga meza," alimwambia.

"Kwa nini?"

"Gonga tu, mdogo wangu."

Akagonga kwa ngumi. Chai ikaruka kikombeni. Sauti haikutoka.

Chiriku alijaribu kucheka. "Basi masikio yako yamezeeka, kaka. Mimi leo nina mahojiano saa nne, halafu nikitoka huko..." Sauti ikapungua, ikapungua, ikaisha, na midomo ikaendelea kusema bila sauti, vile vile kama wimbo ulivyofifia chini ya kidole cha kaka yake.

"Halafu ukitoka huko nini?"

Hakujibu yeye. Nyuma yake, palipokuwa na ukuta mtupu uliopakwa chokaa, sauti kavu kama karatasi ikamalizia: "Halafu tutakuwa wawili."

Harufu ya mapazia ikajaa chumba kizima. Chiriku alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Umemsikia?" alinong'ona.

"Nimemsikia. Tangu lini?"

"Tangu siku tuliyorekodi, kaka. Mwanzo alikuwa ananiitikia nikiimba bafuni, nikajiambia ni mwangwi, halafu akaanza kuniitikia hata nisipoimba, nikizungumza na watu ananimalizia maneno na watu wanacheka wanadhani ni mimi, na kila akinimalizia neno moja mimi nalikosa, nalitafuta mdomoni silioni, na ananiita mpenzi, kaka, na nikimwambia aondoke ananiuliza aondoke vipi wakati nimemwita mimi, tena kila siku, tena mji mzima unamwita pamoja na..." Ikafifia.

Fundi hakungoja ukuta ujibu. Alimshika mkono akamtoa nje.

Ule ukumbi wa viti vya mbao siku hizi ulikuwa ghala la magodoro. Nyuma yake, katika chumba kimoja, aliishi Mama Mnong'onezi. Miaka yote kumi na moja ya mchezo alikaa ndani ya shimo dogo chini ya jukwaa, daftari mapajani, akiwanong'oneza waigizaji maneno wanayosahau. Walimkuta akichambua mchele.

"Mmekuja kunipigia huo wimbo wenu?" aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana, Mama."

"Afadhali. Jirani anaupiga tangu alfajiri. Kuku wangu wameacha kutaga." Akamtazama Chiriku kuanzia viatu mpaka nywele. "Umependeza. Umevaa kama keki. Lete shida yako."

Chiriku alifungua mdomo, maneno matatu yakatoka, la nne likafa. Bibi akaweka ungo chini.

"Piga mguu."

Akapiga. Kimya. Uso wa bibi ukabadilika, dharau yote ikamtoka kama maji.

"Mlidhani tulikuwa tunafanya madoido?" alisema taratibu. "Mwaka wa pili wa mchezo, mwenye kucheza mjane aliugua katikati ya wimbo, pazia likashushwa kabla ya kufunga. Mimi niko shimoni peke yangu. Nikasikia mtu ananong'ona karibu na sikio langu, ananisomea maneno yasiyomo daftarini. Tulirudi jukwaani viti vikiwa vitupu, tukafunga. Tangu hapo hatukuacha." Akamgeukia Fundi. "Huanza kuchukua vishindo vya mtu. Kisha sauti. Ikiisha sauti hufuata pumzi. Huyu umebaki naye siku chache."

"Tufanyeje, Mama?"

"Afunge aliyefungua, pale pale alipofungulia. Ataje jina lake na la baba yake. Tena atubu kwa lile neno lenu la kipumbavu. Mgeni huaga akaenda zake. Mpenzi utamwambia nini?"

Waliingia studio saa saba mchana, wakati Miwani alipokuwa redioni akieleza alivyoutunga wimbo ambao hakuutunga. Bibi alijikunja chini ya meza ya sauti, daftari mapajani, kama zamani. Chiriku akasimama nyuma ya kioo. Fundi aliuacha wimbo uende, na ulipofika mahali pa kufifia hakuugusa.

"Mgeni, taa zimewashwa," alinong'ona bibi ndani ya kipaza sauti kidogo.

"Mgeni, taa zimewashwa," aliimba Chiriku, na mwisho wa mstari ukayeyuka.

"Mpenzi, taa zimezimwa," ikasema ile sauti kavu kwenye hedifoni za wote watatu, na taa ya chumba cha kurekodia ikafifia mpaka ikawa nyekundu kama kaa la moto.

"Usimsikilize. Mgeni, viti vimeinuliwa."

Fundi aliona nyuma ya mdogo wake giza likikusanyika na kupata mabega, na mshale wa sauti ukapanda mpaka mwisho wa kipimo ukaganda pale ukitetemeka, na Chiriku akaendelea kuimba mstari baada ya mstari huku kila mstari ukitoka mfupi kuliko uliotangulia, mpaka likabaki tendo moja tu, la kutaja jina, na ilionekana wazi kwamba kifua chake hakina pumzi ya kulitaja.

Hapo mlango ukafunguliwa. Miwani aliingia, akajikwaa kwenye waya.

"Nani kawaruhusu? Na huyu bibi chini ya meza yangu anatafuta nini, hereni?"

"Bosi, nakuomba, dakika moja," alisema Fundi. "Mdogo wangu anakufa."

"Anaharibu wimbo, hilo ndilo ninaloliona. Mwaka huu tunachukua tuzo, nyie mnaniletea kwaya ya wazee!" Na ili kuwazima kabisa alibonyeza kitufe cha kuzungumza na chumba cha ndani, akainama kwenye kipaza sauti na kuimba kiitikio mwenyewe, kwa sauti yake ya mbuzi: "Njoo, mpenzi, njoo ukae..."

Lile giza liligeuza kichwa.

Sekunde ile kifua cha Chiriku kikajaa. Alilitaja jina lake lote, kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na jina la baba yake, akasema kwamba hakuwa na haki ya kumwita mgeni huyo mpenzi, na kwamba mlango ni ule ule alioingilia. Akapiga mguu. Kishindo kilitikisa kioo. Fundi, mtu mzima mwenye mvi, alikaa chini sakafuni akalia kwa sababu ya kelele ya mguu mmoja.

Waliposimama kuondoka, Miwani alikuwa bado anawafokea. Mishipa ya shingo ilimtoka, mate yalimruka, kidole kilielekeza mlangoni. Halikusikika hata neno moja.

Siku tatu zikapita kabla mtu yeyote pale studio hajatambua. Wapiga vyombo walidhani hatimaye amejifunza adabu, wakafanya kazi kwa raha na kumaliza nyimbo mbili. Siku ya nne, mchana, alisimama mlangoni kwa Fundi. Hawakumsikia akibisha, Chiriku alimwona alipokwenda kumwaga maji. Alikuwa amevua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamejaa hofu, na koti lake lilinuka mapazia.

"Mwache aende na midundo yake," alisema Fundi.

"Hapana, kaka. Mimi nilimwita mgeni yule, yeye akamchukua. Keti, Bosi."

Mama Mnong'onezi aliitwa. Alimtazama Miwani akaguna. "Ubeti hawezi kuuimba tena, sauti imekwenda. Lakini aliyefungua wa kwanza anaweza kumfungia, akipewa jina. Jina lake na la baba yake."

"Unaitwa nani, Bosi?" aliuliza Chiriku, akamsukumia karatasi na kalamu.

Miwani aliandika haraka, kwa herufi kubwa zenye mikia, herufi za mtu aliyezoea kutia saini kwenye mabango: MFALME WA MIDUNDO.

"Hilo si jina," alisema bibi. "Hilo ni tangazo. Hata jini hamjui mtu huyo."

Akaandika tena: BOSI.

"Jina alilokupa mama yako," alisema Chiriku kwa upole.

Aliishika kalamu. Akaiinua, akaigusisha karatasini, akaiondoa. Nukta moja ya wino ikabaki. Walingoja. Chai yake ilipoa ikafanya utando, kivuli cha dirisha kikavuka meza yote, na yeye bado ameinama juu ya karatasi, midomo inatembea, akijaribu herufi moja baada ya nyingine. Na nyuma yake, kutoka kwenye ukuta mtupu, kitu kilimnong'oneza kwa subira kubwa majina mengi, mazuri, na hakuna lililokuwa lake.