Zamu ya Kemboi

JUMATANO, CHAI YA JIONI

Chumba cha nyuma cha hoteli ya Wachuka, kule Bondeni, kilikuwa na meza moja, mabenchi mawili na harufu ya mafuta ya mandazi yaliyochoka. Mbele watu wa reli walikunywa chai. Nyuma ilipikwa mipango.

Wanaume watatu. Ngigi, mkubwa wao, alikaa akiutazama mlango. Mtu mfupi, koti la Kizungu, kidole kimoja kilibaki Burma. Wasike, fundi wa magari, grisi imemwingia hata kwenye kucha. Huyu alikuwa mgeni kundini, hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Na Odero, mwenye mabega ya kubeba magunia, ambaye hakuigusa chai yake.

Hakuigusa kwa sababu ya mwanamke aliyekaa mbele yake.

Jina lake Chepkurui. Mjane wa Kemboi, aliyekuwa askari wa shamba la Bwana Kofia Mbili, mzungu wa njia ya Elburgon. Kemboi aliuawa kwa rungu mwezi wa baridi uliopita, alfajiri ya ukungu, wezi walipokuja kuchukua gari wakaondoka mikono mitupu. Rungu lile lilikuwa la Odero. Ngigi alijua, maana ndiye aliyekuwa akingoja barabarani. Wasike hakujua.

Mwanamke je, alijua? Hilo ndilo lililomkosesha Odero raha. Akijulikana, ni kamba ya serikali.

"Haya, mama," Ngigi alisema. "Gari linalindwaje?"

Lilikuwa gari la mbio, viti viwili, rangi ya maziwa ya jana. Watu wa shamba waliliita Kipanga, kwa jinsi lilivyoshuka barabarani kama ndege yule juu ya vifaranga.

Chepkurui alisema polepole, kama mtu anayeita mbuzi wake mmoja mmoja. "Kuna mbwa. Mimi ndiye ninayewalisha. Kuna mnyororo kwenye gurudumu la mbele. Ufunguo wake uko jikoni, kwenye msumari. Kisha kuna kidude. Bwana hukitoa ndani ya injini kila akimaliza kuendesha."

"Rota," Wasike alidakia. "Ndogo kama kizibo cha chupa. Ndiyo inayogawa moto. Bila rota gari ni jeneza tu."

Odero alishtuka kwa neno lile. Mwanamke alimwona akishtuka. Au pengine alikuwa akimfukuza nzi.

"Hukificha kwenye kopo la unga wa uji," aliendelea. "Mpishi ni shemeji yangu. Jumamosi Bwana anakwenda Nakuru kwenye mbio za farasi, na bibi yake na watoto, kwa gari kubwa. Kipanga hakipeleki mjini tena. Huko vijana walimchania turubai la juu kwa kisu, wakamwibia hata kioo."

"Vijana wa siku hizi," Ngigi alisema kwa huzuni. "Hawana adabu." Wasike alicheka. "Na mlango wa banda?"

"Hauna kufuli."

Kicheko kilikatika.

"Kitendawili," mwanamke akasema.

Wasike alilelewa na bibi yake. Alijibu kabla hajafikiri. "Tega!"

"Mlango wangu u wazi. Wote wapita, mmoja hapiti."

"Mdomo wa simba."

"Sio."

"Tundu la sindano! Uzi mnene haupiti."

"Sio, mwanangu."

"Nakupa mji," Ngigi alisema, amechoka na mchezo. "Chukua Nakuru yote, na ziwa lake na ndege wake. Tupe jibu tufanye kazi."

"Nakuru siitaki. Jumamosi mtajibu wenyewe." Alijifunga shuka yake vizuri. "Ila mjue kilichoko pale, msije mkasema sikuwaambia. Bwana alimzika mume wangu mlangoni mwa banda. Kaburi limekingama mlango mzima. Alisema, Kemboi alikuwa askari wangu, na awe askari wangu hata sasa. Kofia Mbili anatujua. Anajua sisi kaburi haturuki ovyo. Akaweka juu mbao mbili za mutarakwa, mti usiooza, za magurudumu kupitia. Kufuli akaitupa. Tangu siku hiyo hakuna mkono wa mtu uliogusa gari lile, ila wake."

"Na wewe unapata nini?" Ngigi aliuliza.

"Gari likiondoka, mume wangu atapumzika kazi."

Alisimama, akawaaga wote kwa mkono. Kiganja chake kilikaa ndani ya kiganja cha Odero muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyotaka.

Wasike alipotoka kuongeza mandazi, Odero aliinamia meza. "Tuache kazi hii, Ngigi."

"Yule amekufa. Aliyekufa hapigi kelele."

"Huyu anapiga."

Ngigi alimtazama. Odero hakuwahi kumweleza mtu. Alfajiri ile Kemboi alitoka kwenye ukungu na taa yake, akauliza neno moja: "Nani?" Hakupewa jibu, alipewa rungu. Tangu hapo kila mlango ukilia bawaba, mlango wa choo, mlango wa kanisa, Odero alisikia sauti ile ile ya mzee aliyetoka usingizini. Nani?

"Siri yako iko tumboni mwangu, ndugu," Ngigi alisema taratibu. "Tumbo linastahimili likishiba. Sasa mimi nina njaa."

JUMAMOSI, KENGELE YA MAZIWA

Kengele ya shamba ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti. Ilipogongwa kwa ajili ya maziwa, lori lao la mbao la Elburgon lilikuwa tayari limesimama ukingoni mwa msitu. Mbao zilipangwa pembeni na juu. Katikati palikuwa wazi, kama tumbo la ng'ombe aliyechinjwa. Humo ndimo Kipanga kingelala mpaka Kampala, kwa tajiri mmoja ambaye hakuuliza maswali.

Watatu walilala kwenye nyasi juu ya kilima. Chini yao shamba la pareto lilikuwa limechanua lote, jeupe, kama sanda iliyotandazwa kukauka.

Gari kubwa la Kofia Mbili lilitoka, likatimua vumbi, likaenda.

"Farasi wakimbie mbio," Ngigi alinong'ona. "Sisi tutaenda polepole."

Odero alitazama nyumba ya Chepkurui. Zizi la mbuzi lilikuwa wazi, tupu. Masufuria hayakuwapo uani. Hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefunguliwa.

"Amehama," alisema.

"Nani?" Wasike aliuliza.

Odero aligeuka ghafla, macho yamemtoka. Wasike alirudi nyuma. "We, vipi? Nimeuliza nani amehama."

"Mjane. Zizi ni tupu."

"Mbuzi hula asubuhi, Odero," Ngigi alisema. "Hata kwenu Alego nadhani."

JUMAMOSI, KENGELE YA POSHO

Kengele ililia. Vibarua waliteremka upande wa pili wa kilima kupokea unga wao. Uwanja ukabaki na kuku.

Waliteremka. Hawakukimbia. Mbwa walikuwa wamefungwa, wanatafuna mfupa. Mlango wa banda ulifungwa kwa kijiti tu. Chepkurui alikuwa amesimama kando yake, amevaa koti la marehemu, koti refu la askari lenye vifungo vya shaba. Odero alilijua koti lile. Mara ya mwisho aliliona likiwa chini.

Mwanamke alivuta kijiti. Mlango ukalia bawaba.

*Nani?*

Kaburi lilikuwa pale pale, limefagiliwa, udongo mwekundu, mbao mbili juu yake. Ng'ambo yake, gizani, Kipanga kilimeta.

"Rota," Ngigi alisema, akinyoosha mkono.

"Mkishavuka."

Wasike alivua kofia. "Samahani, mzee," alisema kwa kaburi, akapita juu ya ubao kama mtu anayepita kitandani mwa mgonjwa. Ngigi alitema mate pembeni, akavuka kwa hatua moja ndefu. Akageuka.

"Odero."

Odero alitazama ubao. Upana wake ulitosha miguu miwili. Watoto wangeucheza.

"Nitavunja nyuma," alisema. "Tupate mwanga wa kufanyia kazi."

"Mwanga wa nini, na mlango u wazi?"

"Nimesema nitavunja nyuma!"

Alichukua mtaimbo akazunguka banda, karibu anakimbia. Anayekimbia kivuli chake hufika amechoka, nacho hufika hakijachoka. Aliingiza chuma kati ya mbao, akakaza mabega yale ya magunia. Ubao mmoja ukang'oka.

Kupitia pengo alimwona Wasike ameinama juu ya injini, mnyororo umeshafunguliwa kwa ufunguo alioutoa mjane. Ngigi kwenye usukani. Mbele yao mlango, mwanga, kaburi. Na ng'ambo ya kaburi Chepkurui, akimtazama yeye tu, moja kwa moja, kupitia banda zima.

Alimwona akitia mkono kifuani. Alimwona akivuka ubao na kumpa Wasike rota, kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni maziwa.

"Asante, mama."

"Nendeni salama. Ninyi sina neno nanyi."

Injini ilinguruma. Kuku wakatawanyika.

"Odero bado!" Wasike alipiga kelele.

Ngigi aligeuza kichwa. Macho yake yalikutana na ya Odero kwenye pengo. Kisha yakapita bega la Odero, yakaona kitu nyuma yake, na uso ukabadilika.

"Ngigi!" Odero aliita. "Ndugu yangu!"

"Panda, Wasike."

"Na mwenzetu?"

"Panda!"

Magurudumu yaligonga mbao za mutarakwa, mara moja, mara mbili. Kipanga kikaruka nje. Sauti yake ilipanda kilima, ikapungua, ikawa kama nyuki, ikawa si kitu.

Odero aligeuka. Kutoka kwenye maua meupe wanaume walikuwa wanainuka mmoja baada ya mwingine, kama waliofufuka. Mbele yao Kiprugut, mdogo wake Kemboi, sura ile ile, ndevu zile zile. Hakushika kitu mkononi. Alimwonyesha Odero njia kwa kidevu.

Hawakumgusa. Walitembea naye mpaka mlangoni.

"Kitendawili kimeteguka," Chepkurui alisema. "Wawili wamepita. Mmoja hakupita."

"Niliogopa kaburi tu, mama. Nani haogopi kaburi?"

"Wote tunaliogopa. Fundi wako aliliogopa, akaomba radhi, akapita. Mimi nalipita kila asubuhi kumfagilia mume wangu." Hakupandisha sauti. "Labda nakuonea. Mimi ni mwanamke tu, sikuwapo alfajiri ile. Basi vuka. Ingia, uguse ukuta, urudi. Ukirudi, njia ya Elburgon ile pale. Kiprugut atakupa maji ya njiani."

"Ni kweli?"

"Mbele ya kaburi lake nidanganye?"

Odero aliwatazama wale wanaume. Walikuwa wamempisha. Kati yake na uzima palikuwa na ubao mmoja.

Aliinua mguu. Alisema moyoni, ni udongo tu, ni mti tu. Ngigi amevuka, amekanyaga, hajafa. Kisigino kiligusa mbao.

Upepo ulitoka upande wa pareto, ukausukuma mlango. Bawaba ikalia.

Hakuna aliyesema kitu. Alijua hakuna aliyesema kitu. Lakini sauti ilitoka chini ya mguu wake, sauti ya mzee aliyetoka usingizini, isiyo na hasira, inayotaka kujua tu.

Odero alirudisha mguu nyuma. Akapiga magoti kwenye udongo mwekundu.

"Ni mimi," alisema. "Kemboi, ni mimi. Odero."

Kule kilimani kengele ya kukama ya mchana iligongwa. Kiprugut alimshika mkono, akamwinua, si kwa nguvu. Odero alishangaa kusikia kichwa chake kimenyamaza.

Chepkurui hakuwatazama wakiondoka naye. Alivua lile koti, akalikunja vifungo ndani, akaliweka juu ya kaburi. Kisha akaufunga mlango wa banda tupu.

"Baba watoto," alisema, "zamu yako imekwisha."