Msiba Uliokosea Nyumba

Kila asubuhi Nasra alimenya ndizi, bibi yake Zuhura akapuliza moto, na babu Abdulatif akakohoa chumbani mpaka kuku wakahama mlangoni. Asubuhi ile babu hakuwepo. Jana yake jirani yao, Kondo, alimpakia kwenye pikipiki wakateremka mlima kwenda hospitali mjini Morogoro.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Winfrida, dada yake babu, anayeishi Mafiga, kulekule mjini.

"Nisomee, mjukuu wangu. Macho yangu yamegoma."

Nasra, wa darasa la sita, alisifika kwa kusoma haraka. "Kondo alimfikisha Abdulatif hospitali. Amefariki leo alfajiri..."

Hakuendelea. Tangu jana alikuwa akimwaza babu tu, basi habari ile akamvika babu. Simu ikaanguka. Bibi akapiga ukunga.

Semeni, mke wa Kondo, alifika wa kwanza na ndoo ya maji. Mikeka ikatandikwa. Kisha akaja Bi Mwanvita, mtani wa ukoo, ambaye kazi yake msibani ni kuwachekesha wafiwa. Akavaa koti la babu, akainama, akakohoa. "Kho! Kho! Malaika, subiri nihesabu ndizi zangu. Huyu Zuhura mlafi!"

Bibi akacheka huku analia. Aliyecheka kuliko wote ni Semeni.

"Maiti inaletwa saa ngapi?" akauliza Mzee Said, kaka yake bibi. "Vijana wanataka kuanza kuchimba."

Nasra akaokota simu. Safari hii alishuka mpaka chini: *Gari lilimgonga akirudi. Abdulatif amepata nafuu, anaomba koti lake. Mwambieni Semeni taratibu.*

Akampa Mzee Said simu. Mzee akasoma, akarudia, kisha akamtazama Semeni, aliyekuwa bado anafuta machozi ya kicheko.

Bi Mwanvita akavua koti polepole.

Mikeka ikakunjwa, ikahamia kwa Semeni. Nasra aliibeba ndoo ileile, akamnawisha uso mwenyewe aliyeileta.

Jioni Nasra alisema, "Bibi, nilimuua babu."

"Babu yako mbishi, hafi kwa kusomwa vibaya," bibi akajibu, lakini hakutabasamu. "Sikia. Walitajwa watu wawili, wewe ukamchagua uliyekuwa unamhofia. Siku nyingine soma mpaka mwisho. Usipopata jina, uliza: ni nani? Hata mimi mtu mzima nilipaswa kuuliza, nikakimbilia kulia."

Akalikunja koti la babu. Nyumba ya pili Semeni alikuwa bado analia, na jikoni kwake hapakuwa na moto.