Waliokaa Chini ya Mzambarau

Mwanapili alikuwa juu ya mbuzi, anakuna kifuu cha pili cha nazi, Biasha alipoingia kwa mlango wa uani bila ya kupiga hodi.

Biasha hakuwa mtu wa kuingia namna hiyo. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa makuti tu, lakini hata akija kuomba kaa la moto alisimama nje akaita mpaka aitikiwe. Jioni ile aliingia na kanga moja, ya pili ameisahau huko alikotoka.

"Wanaking'oa leo," alisema.

"Nini?"

"Kisiki, mwenzangu. Kisiki cha mzambarau."

Mwanapili aliacha kukuna. "Walisema baada ya Iddi."

"Walisema. Trekta limeshafika, mnyororo umeshafungwa. Na aliyepewa kuking'oa ni mumeo, Simai."

Kitu cha kwanza kilichomjia Mwanapili ni Shemsa, binti yake mdogo. Baada ya chakula cha mchana Simai alimchukua mtoto akapande trekta, na yeye alifurahi. Mtoto mmoja pungufu miguuni, siku ya kufua.

Mzambarau wenyewe ulikatwa mwaka uliopita, serikali ilipofyeka eneo lile la Mpendae kwa ajili ya shamba la pamoja. Wanaume waliuona ni mti tu. Wanawake waliujua kwa jambo jengine. Mimba ikiharibika mapema, kabla haijawa mtoto wa kuoshwa na kubebwa makaburini, mkunga aliifunga kitambaa akaenda kuizika pale, baina ya mizizi. Mume hakuambiwa wapi. Aliambiwa imeharibika, akasema Mungu atatupa nyengine, akenda zake kazini.

Biasha alikuwa na wawili pale. Mwanapili alikuwa na mmoja, aliyekuja baada ya mwanawe Kificho na kabla ya Shemsa. Hakuwahi kumtaja kwa mtu ila Biasha. Siku ya tatu baada ya kumpoteza alikuwa keshasimama jikoni.

"Tulisema tutawahamisha," alisema Biasha.

"Tulisema. Wiki hii, wiki ijayo. Haya, twende."

"Mimi siendi." Biasha alirudi nyuma mpaka akagusa ua. "Bibi yangu akisema, hawa hawana ubaya wowote. Wakikosa mahali pao wanatafuta nafasi. Ukiwapa, wamenyamaza. Usipowapa..."

"Usipowapa?"

"Wanachukua ya mtu."

Mwanapili alinawa mikono. Aliifunika nazi kwa kawa, akamwambia Hija, binti yake mkubwa, achochee moto na amwangalie mdogo wake Kificho. Akajitupia buibui, akatoka.

*

Alilisikia trekta kabla ya kuliona.

Kisiki kilikuwa kipana kama kitanda. Wanaume walikuwa wameshachimba kukizunguka na kuikata mizizi ya pembeni kwa mashoka. Ulibaki mmoja mnene uliozama chini. Mnyororo ulizungushwa shingoni mwa kisiki, na juu yake wametandika gunia bichi, ili ukikatika usiruke ukamkata mtu. Shemsa alikuwa amekaa juu ya bawa la gurudumu, pembeni mwa baba yake, miguu inaning'inia.

"Simai! Mkaguzi kaja!" mmoja alipiga kelele.

"Kaja kuhesabu visiki huyo. Kikipungua kimoja, leo unalala barazani!"

Walicheka. Mwanapili alimshusha mtoto, akamweka nyuma ya buibui lake, kisha akamwinamia mumewe sikioni.

"Kiache mpaka kesho."

"Kwa nini?"

Aliwatazama wale wanaume. Walikuwa wamenyamaza wanamsikiliza. Kuna maneno ambayo mwanamke hana mahali pa kuyaweka mbele ya wanaume kumi wenye mashoka.

"Pana mambo," alinong'ona.

"Mambo yote keshayamaliza Mzee Jaku. Tusiwekane mpaka giza."

Mzee Jaku alikuwa amechutama kando ya shimo na chetezo chake. Alikuwa mtu wa Tumbatu, anaitwa kila panapong'olewa mti mkubwa ili aombe ruhusa kwa wenyewe. Mbele yake palikuwa na yai, kipande cha mkate na chupa ya marashi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiogope. Nshawaaga."

"Umewaambia nini?"

"Yale yale ya siku zote. Wenyewe mlio hapa, wakubwa kwa wadogo, mahali pameshahitajiwa. Ondokeni kwa salama. Kila mmoja na arudi kwao, na mlango aukute wazi."

Mwanapili alimvuta Shemsa karibu zaidi.

"Kwao?"

"Kwao, ndio. Hawa kwao baharini. Njia wanaijua."

Mzee hakuwa na kosa. Alidhani anasema na majini ya mti. Hakuna aliyemwambia ni nani walio chini pale, wala kwao ni wapi.

Simai alitia gea.

Mnyororo ulinyooka. Ukaanza kulia, sauti nyembamba, inapanda... inapanda... Magurudumu ya mbele yakainuka kidogo kutoka ardhini. Mtu akapiga kelele, "Taratibu!" Kila mmoja alisubiri mshindo wa mzizi kukatika.

Mshindo haukuja.

Kisiki kilitoka chenyewe, polepole, laini, kama jino la utoto. Trekta likasogea hatua chache, likazimika.

Sauti nyembamba ile haikuzimika.

Ilikuwa bado inalia, na mnyororo umelala chini, umelegea. Kisha ikakatika ghafla, kama mtoto aliyetiwa ziwa mdomoni.

"Upepo huo," alisema mmoja. Hapakuwa na upepo.

Harufu ikapanda kutoka shimoni. Wanaume walidhani ni udongo. Mwanapili aliijua. Damu, mafuta ya nazi, tangawizi, udi. Harufu ya chumba cha mzazi aliyetoka kujifungua.

Ndani ya shimo mlikuwa na vitambaa. Vingi, vingi kuliko wanawake aliowajua yeye. Vingi vya bafta nyeupe, vimefungwa fundo moja moja. Mwanamume mmoja alikiinua kimoja kwa kijiti. "Matambara gani haya? Hirizi?"

"Weka chini," alisema Mzee Jaku, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

Mwanapili alikiona chake. Siku ile hapakuwa na bafta ndani ya nyumba, akachana pindo la shuka ya buluu yenye maua. Alichutama, akakigusa kwa kidole. Fundo lilikuwa vile vile. Ndani hamna kitu.

Alijiambia, ndivyo itakavyokuwa. Udongo unakula. Miaka imepita.

Lakini udongo haukukila kitambaa.

Na kitambaa kilikuwa na joto.

*

Simai alibaki kulirudisha trekta kambini. Mwanapili alimshika Shemsa mkono akashika njia ya nyumbani. Jua lilikuwa limeshazama, na njia ina mchanga mweupe unaoonekana hata gizani. Hakukutana na mtu. Alitamani akutane na mtu yeyote, hata yule muuza mkaa mwenye maneno mengi.

"Mama, usende haraka."

"Tunachelewa maghribi."

"Anashindwa."

Mwanapili hakusimama. "Nani anashindwa?"

"Huyu." Shemsa alikuwa amenyoosha mkono wake wa pili kando, vidole vimekunjwa, kama aliyeshika kitu. "Hajui kutembea vizuri."

Mwanapili hakutazama. Alitazama mbele, akasoma alichokumbuka kusoma, akakosea, akaanza tena.

Nyuma yao mchanga ulisikika. *Shwa... shwa...* Si hatua. Kitu kinachojikokota.

"Mama, mbebe. Kachoka."

"Wewe mwache. Mwache mkono!"

"Akianguka?"

Alimbeba Shemsa mwenyewe, miaka mitano, mzito, akenda naye mbio mpaka pumzi ikamkata.

Walipopita mbele ya nyumba ya Biasha mlango ulikuwa umefungwa. Mtu alikuwa anaubisha. Taratibu, kwa kiganja. Mwanapili hakuona mtu, lakini sauti aliisikia inatoka wapi. Inatoka chini. Chini kabisa, karibu na kizingiti.

Na ndani Biasha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaitikia.

"Karibu..."

Mlango ukalia.

*

"Funga," Mwanapili alimwambia Hija alipoingia. "Mtu akipiga hodi leo, asiambiwe karibu. Akiwa yeyote."

"Hata baba?"

"Hata baba. Mimi ndiye ntakayefungua."

Alichuja tui, akalitia kwenye muhogo. Mchele wa foleni, ule wa mgao wa serikali, ulikuwa umeshakwisha tangu juzi. Palikuwa na samaki mmoja, changu, wa kukaanga; alimkata vipande vitano, kimoja cha kila mtu, ili pasiwe na ugomvi. Kificho alikuja kusimama nyuma yake akisikilizia harufu.

"Hodi!"

Sauti ya Simai. Mwanapili alikwenda na kibatari mkononi, akafungua mlango bila ya neno.

"Ehe, siku hizi hata karibu hakuna?" Simai alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akasogea pembeni kizingitini, mkono ameuteremsha, kama anayemtanguliza mtu. "Pita wewe. Karibu ndani. Maghribi yote hii unakaa barazani peke yako, mama yako hakuoni?"

Moto wa kibatari ukalala upande mmoja. Kisha ukasimama tena.

"Unasema na nani?" aliuliza Mwanapili.

"Na huyu Kificho."

"Mimi niko hapa, baba," alisema Kificho kutoka jikoni.

Simai alimtazama mwanawe. Akatazama baraza. Alicheka kidogo, akasema macho yamejaa vumbi, trekta lile linapofusha. Lakini mkono wake alikuwa anaufuta kwenye shati, na hakuacha kuufuta.

"Nimemshika kichwa," alisema polepole. "Kilikuwa kimelowa."

Mwanapili alifunga mlango. Hapakuwa na maana tena, lakini alifunga.

Ng'ambo ya ua wa makuti Biasha alikuwa anawaita watoto wake. Anataja jina, jina, jina, mpaka wa mwisho. Ananyamaza. Anaanza tena mwanzo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu kitu kisichokubali kwisha. Mwanapili alifikiria kumwendea. Alifikiria angemwambia nini Simai, na angeanzia wapi, na kwa nini hakumwambia tangu siku ile. Akaenda kupakua muhogo.

Kwao walikula sinia moja, kwa kuwa sinia lilikuwa moja. Simai alikaa upande wa mlango, Hija na Kificho wakafuatana, Shemsa upande wa ukuta. Mwanapili aliweka kila kipande cha samaki mbele ya mwenyewe. Alipotaka kukaa, aliona Shemsa amejisogeza. Amejibana kwa Kificho, begani juu yake, na baina yake na ukuta ameacha nafasi. Nafasi ndogo. Ya kumtosha mtu mdogo.

"Rudi mahali pako," alisema Hija. "Unambana mwenzio."

"Hapa pangu nishampa." Shemsa alipiga mwayo. Uso wake ulikuwa umeparara, midomo myeupe, kama mtoto aliyeamka na homa. "Mama, nasikia baridi. Mimi ntakaa wapi?"

Mwanapili aliyakumbuka maneno ya Biasha uani.

Alimnyanyua Shemsa chini ya makwapa, mwepesi kuliko alivyokuwa njiani, akamweka mahali pake mwenyewe, pale alipokuwa akae yeye. "Hapa ndipo pako wewe. Hapa humpi mtu." Kisha akachukua kipande chake cha samaki, akakivusha sinia, akakiweka upande wa ukuta, penye ile nafasi iliyobaki wazi. Yeye akachutama nyuma, karibu na jiko, hana mahali wala kitoweo.

Harufu ya udi ilipita, ikatulia.

Rangi ikarudi kidogo kidogo midomoni mwa Shemsa. Akaanza kumega muhogo. Akautazama ukuta, akamgeukia mama yake.

"Mama, anauliza anaitwa nani."

Simai aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, mkewe hakuweza kumtazama. Ng'ambo ya ua Biasha alikuwa ameanza tena mwanzo.

"Mwambie ale kwanza," alisema Mwanapili. "Ale taratibu. Samaki ana miba."

Simai alinawa mkono ule, akaunawa tena, akaufuta. Hakuuliza alichotaka kuuliza. Aliuliza kile alichouliza kila usiku kabla ya bismillahi.

"Wote wapo?"

Mwanapili aliwapitia kwa macho. Simai. Hija. Kificho. Shemsa, na jasho linaanza kumtoka puani kwa moto wa chakula. Halafu pale penye ukuta, ambapo pembeni ya sinia muhogo ulikuwa umeshamegwa, kidogo sana, kwa vidole vidogo sana.

"Wote wapo," alisema. "Kuleni."